Kulivusha jeshi kwenye majira ya baridi: mwongozo kamili kwa wachezaji wa michezo ya vita

Kambi ya Barafu mlimani Kilimanjaro, ile ya mwisho kabla ya kupanda kileleni kwa njia ya Machame, haina maji. Kila lita ya chai, ya supu, ya kujaza chupa za usiku wa kilele, imebebwa na mgumu, yaani mpagazi, kutoka bonde la Karanga. Nimebeba maji hayo misimu sita kabla sijawa mwongozaji. Ndiyo maana nilipoanza kucheza michezo ya vita sikuhitaji mtu wa kunieleza kilichomkuta Napoleon. Jeshi linaloutangulia ugavi wake ni kundi lililofika Barafu usiku, halafu likaulizana nani alichota maji.

Mwongozo huu ni wa mchezaji aliyeshika upande wa Ujerumani katika uvamizi wa Urusi wa 1941, anayefika Desemba akiwa na divisheni (vikosi vikubwa vya jeshi) thelathini au arobaini karibu na Moscow, kisha anazitazama zikiisha mkononi mwake bila adui kufanya kazi kubwa. Nimeuandika kutoka kwenye mchezo wetu wa Moshi. Tunacheza Pasua, Aprili na Mei, masika yanapopiga bati na kazi ya mlimani imelala. Mtu wa kompyuta naye atapata chake humu, nitamtaja mahali pake.

Meza na kanuni

Bila kanuni hizi hesabu za mbele hutazielewa, kwa hiyo tulia nazo kidogo.

Ramani yetu ni manila nne zilizounganishwa, kutoka Warsaw hadi mashariki ya Moscow, zimechorwa pembesita kwa maka peni. Pembesita moja ni kama kilomita 25. Zamu moja ni wiki moja. Kizibo cha soda ni divisheni. Upande wenye rangi ni divisheni kamili, ukikigeuza ni nusu. Kiberiti kitupu ni bohari, na hukaa juu ya kituo cha reli tu. Haragwe moja ni chakula, mafuta na risasi za divisheni moja kwa zamu moja ikiwa imetulia. Ikishambulia inakula mawili.

Kila njia ya reli inaleta maharage 12 kwa zamu wakati wa kawaida na 6 wakati wa baridi kali. Kutoka bohari, malori na farasi hufikisha chakula pembesita mbili bila gharama. Ya tatu na ya nne, kila haragwe linalomfikia askari linasindikizwa na jingine linaloliwa njiani. Kwenye matope, zaidi ya pembesita mbili chakula hakiendi kabisa.

Sasa baridi. Kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba, kila divisheni inarushiwa dadu kila zamu. Iliyokula na yenye makazi (mji, kijiji au mahandaki yaliyochimbwa mapema) inaumia ikitoka 1. Iliyokula ikalala porini inaumia kwa 1 na 2. Yenye makazi isiyokula, 1 hadi 3. Isiyokula na iliyolala porini, 1 hadi 4. Kuumia ni kuwekewa kokoto moja. Kokoto tatu zikitimia, unaziondoa na kukigeuza kizibo. Tatu nyingine, kizibo kinatoka mezani. Divisheni iliyokaa zamu nzima mjini nyuma ya mstari, imeshiba na haikupigana, inatolewa kokoto moja.

Tunacheza zamu 14 za baridi, Desemba hadi wiki ya kwanza ya Machi. Piga hesabu. Aliyeshiba na mwenye makazi atapata kwa wastani kokoto mbili na kidogo katika majira yote, yaani anatoka mzima. Aliyeshiba akalala porini atapata karibu tano, atageuzwa mara moja. Mwenye njaa porini anafikisha kokoto sita kwenye zamu ya tisa. Mwisho wa Januari hayupo, na adui hajamrushia hata risasi.

Hatua ya 1: Hesabu reli mwezi Septemba

Wachezaji wengi Septemba wanahesabu vizibo. Wewe hesabu reli.

Tuseme una divisheni 30 mbele na reli tatu. Wakati wa kawaida reli zako zinaleta maharage 36 kwa zamu, jeshi lililotulia linakula 30, na 6 yanabaki. Ukisimama wiki ya kwanza ya Oktoba, hadi mwisho wa Novemba una zamu nane, kwa hiyo unaingia Desemba na akiba ya 48. Halafu baridi inashuka na reli zinaleta 18 tu kwa zamu. Kwa zamu 14 hayo ni 252. Jeshi linahitaji 420. Toa 252, toa na akiba yako 48: yanakosekana 120.

Maharage hayo 120 hutayapata kwa ushujaa wala kwa dadu nzuri. Ukiyaona Septemba unaweza kufanya jambo. Ukiyaona Desemba unachagua tu nani afe kwanza.

Kwa nini reli inapungua nusu? Hiyo tumeichukua kwenye historia. Wajerumani walioivamia Urusi tarehe 22 Juni 1941 walikuta reli ya upana wa milimita 1,524, wakati yao ilikuwa 1,435. Ikabidi watandike upya njia waliyoiteka kilomita baada ya kilomita, au wahamishe mizigo kutoka behewa moja hadi jingine. Mtanzania hahitaji somo refu hapa. Reli yetu ya Tanga, Moshi na Arusha ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067, na SGR 1,435, na pale Kidatu reli mbili za kwanza zinapokutana mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya. Kisha baridi ilipowakuta Wajerumani, injini zao za mvuke zilikuwa na mabomba ya maji upande wa nje. Maji yakaganda, mabomba yakapasuka, treni zikakaa kituoni na nguo za baridi zikiwa ndani yake.

Anayecheza Hearts of Iron IV kwenye kompyuta afanye hesabu hii hii kwa kufungua ramani ya ugavi. Reli zina ngazi, 1 hadi 5, na kipande dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua kiasi kinachopita njia nzima. Ukijenga ngazi ya 4 kutoka Berlin hadi Minsk ukaacha kipande cha ngazi ya 1 katikati, umejenga ngazi ya 1. Tazama pia kama viwanda vyako vinatoa treni na malori ya kutosha. Hivyo vikiisha, mchezo haukupigii kelele kubwa, unakunyima chakula taratibu tu.

Hatua ya 2: Chagua pa kusimama kabla hujasimamishwa

Hapa ndipo vita inapopotea, na inapotea kwa sababu ya tamaa.

Msimu uliopita kijana mmoja wa Majengo alicheza upande wa mshambuliaji, na alicheza vizuri sana. Mwisho wa Novemba alikuwa na vizibo 34 na amebakiza pembesita moja kuingia Moscow. Mvua ilikuwa imetubana wote chumbani, chai ya tangawizi imepoa kwenye vikombe, hakuna aliyekuwa anainywa.

"Kaka, imebaki moja tu," akaniambia.

"Maharage yako mangapi, mdogo wangu?"

Akafungua kiberiti chake cha mbele, akayamwaga mezani. Kumi na moja. Bohari ilikuwa pembesita nne nyuma, na kila haragwe lilihitaji mwenzake wa njiani. Kwa hiyo aliweza kulisha vizibo vitano, navyo vikiwa vimetulia. Aliyatazama, akaitazama Moscow, akashambulia. Akaingia kitongoji kimoja. Februari alikuwa na vizibo tisa, sita kati yake vimegeuzwa, na aliyecheza upande wa Urusi alikuwa hata hajaanza kuharakisha.

Wenye jeshi halisi walifanya hivyo hivyo. Wajerumani walianza safari ya kwenda Moscow mwanzoni mwa Oktoba 1941, wakakutwa na matope, wakasubiri ardhi igande, wakasukuma tena Novemba. Tarehe 5 Desemba jeshi la Urusi likaanza kuwapiga, nao wamechoka, wamesimama pale walipoishiwa nguvu na si pale walipopachagua.

Kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba tafuta mstari wenye sifa hizi. Uwe ndani ya pembesita mbili kutoka bohari, ili usilipe haragwe la njiani. Uwe na vijiji na miji mingi kadiri inavyowezekana. Uwe na reli au barabara inayokwenda sambamba na mstari wenyewe, ili divisheni ihame kutoka kaskazini hadi kusini bila kurudi nyuma kwanza. Kwenye ramani yetu mimi husimama mashariki kidogo ya Smolensk, bohari kubwa ikiwa Smolensk penyewe, juu ya reli ya Warsaw, Minsk na Moscow. Wenzangu wengine husogea hadi Vyazma. Sijaona aliyesogea zaidi ya hapo akamaliza Machi na furaha.

Ikiwa umeshapita mstari mzuri, rudi. Rudi Oktoba, kwa miguu yako, ukiwa na chakula. Kurudi pembesita tatu kabla ya baridi kunagharimu heshima kidogo mezani. Kurudi pembesita hizo hizo Januari kunagharimu kizibo kwa kila pembesita.

Hatua ya 3: Rudisha watu nyuma

Turudi kwenye yale maharage 120. Huwezi kuyatengeneza, basi punguza midomo.

Chukua divisheni 10 kati ya 30, zile zilizochoka zaidi kwanza, uzipeleke magharibi ya Minsk. Kule zinakula kwenye sehemu ya reli ambayo haijabanwa, nasi hatuzihesabu kwenye ugavi wa mbele. Zilizobaki 20 zitahitaji maharage 280 kwa zamu 14. Reli inaleta 252. Pengo ni 28, na akiba ni 48. Unaingia Machi na 20 mkononi. Ukiziondoa hizo kumi mwanzoni mwa Novemba badala ya mwishoni, zamu nne za mwezi huo zinakuongezea 40 nyingine.

Najua inavyouma. Umepigana miezi mitano kuzifikisha mbele, na adui anaziona zinaondoka. Lakini divisheni 20 zilizoshiba zinashika mstari ambao 30 zenye njaa zitauachia, na zile kumi zinarudi Aprili zikiwa safi, hazina kokoto hata moja.

Mlimani tunafanya hivi kila safari. Mgumu aliyebeba chakula cha siku tatu za kwanza anashuka mzigo ukiisha. Hatumwachi akae kambini kwa sababu tu ni mtu mwenye nguvu, maana naye anakula. Mzigo wa mgumu una kikomo cha kilo 20, na kila mdomo unaopanda bila kazi unakula kilo za mtu mwingine.

Hatua ya 4: Akiba, farasi na viatu

Usiweke akiba yote kwenye bohari moja. Gawanya katika tatu: nusu kwenye bohari kuu, robo kila upande. Bohari ikitekwa, maharage yake ni ya adui, na nimeona jeshi la Urusi likishiba majira mazima kwa kiberiti cha mtu mmoja mzembe.

Weka mlinzi na utaratibu. Novemba 1812 jeshi la Napoleon likirudi kutoka Moscow lilifika Smolensk ambako kulikuwa na maghala. Waliotangulia walivunja na kupora, waliofuata nyuma wakakuta unga umemwagika. Mezani kwetu tuna kanuni kwa ajili ya hilo: divisheni yenye kokoto mbili ikifika kwenye bohari isiyo na mlinzi inakula maharage matatu badala ya moja. Kwa hiyo kizibo kimoja kizima kinakaa juu ya kiberiti majira yote. Kinaonekana kimekaa bure. Kiache.

Wanaodhani theluji ndiyo iliyommaliza Napoleon waangalie tarehe. Alianza kuvuka mto Niemen tarehe 24 Juni 1812 na watu zaidi ya 400,000. Tarehe 14 Septemba aliingia Moscow na takriban 100,000. Wengine aliwaacha kulinda njia, lakini wengi mno walikwisha kwa njaa, kuhara, homa na joto la kiangazi, na farasi wake walikufa kwa maelfu wakilishwa majani mabichi. Theluji nzito ilimkuta Novemba. Ilimalizia jeshi lililokwisha kuoza, na farasi waliosalia walikuwa wakiteleza kwenye barafu kwa sababu hawakuwa na njumu za kuishika.

Farasi nao wanakula, na lori nalo linakula. Ndiyo maana ya lile haragwe la njiani. Mchezo wako usipokuwa na kanuni hiyo, iongeze. Itabadilisha kila kitu.

Viatu mchezoni kwetu ni kitu unachonunua: Septemba unaweza kutoa maharage 10 mara moja, na divisheni yako yoyote ikiumia kwa 1 unairushia tena mara moja. Nunua. Nawaambia hivi kwa sababu nimeona miguu. Mgeni anavaa soksi mbili nene kwenye buti lililokuwa linamtosha na soksi moja, damu haizunguki, na saa tisa usiku vidole vimekuwa vyeupe kama mshumaa. Unamvua buti, unaiweka miguu yake kwenye tumbo lako chini ya jaketi, na unasubiri alie, maana akianza kulia kwa maumivu ndipo unajua vidole vimerudi. Askari wa Kirusi walipewa buti kubwa zenye nafasi ya vitambaa, majani na magazeti. Buti za Wajerumani zilibana na zilikuwa na misumari kwenye soli. Majira yale waliojeruhiwa na baridi upande wao walizidi laki moja.

Hatua ya 5: Makazi na kubadilishana

Mahandaki yachimbwe Oktoba na Novemba. Ardhi ikiganda haichimbiki. Kwetu kuchimba baada ya Desemba ni zamu tatu badala ya moja.

Usijaribu kuziba kila pembesita. Ukivipanga vizibo 20 kwenye mstari mmoja usio na nafasi, nusu vitalala porini na hutakuwa na kimoja cha kubadilisha. Shika miji na vijiji vilivyo kwenye njia panda, acha pori litazamwe tu. Adui akipenya katikati naye atalala porini, mbali na bohari yake, na kwa zamu mbili dadu itakufanyia kazi.

Kati ya 20, weka 15 mbele na 5 nyuma mjini, na kila zamu badilisha tano. Divisheni inakaa mbele zamu tatu, inapumzika moja. Wafini waliopigana na Urusi kuanzia tarehe 30 Novemba 1939 hadi 13 Machi 1940 walijua hili kwa damu: watu wao walikuwa na mahema yenye majiko, chakula cha moto, na walirudi kupata joto kabla ya kutoka tena. Upande wa pili, majeshi ya Kisovieti yalikuwa yamejipanga kwenye barabara moja msituni. Kwenye barabara ya Raate, Januari 1940, Wafini wa kuteleza kwa ski waliikata divisheni ya 44 vipande vipande, na majiko ya kupikia yalikuwa miongoni mwa vitu walivyovilenga kwanza. Fikiri kama mpishi: ukiona jeshi lako limetegemea barabara moja, weka kizibo juu ya barabara hiyo.

Hatua ya 6: Mto ukiganda

Fupi lakini usiisahau. Ulinzi uliojengwa nyuma ya mto au kinamasi unakwisha Januari, kwa sababu barafu inabeba watu, halafu malori. Majira ya baridi ya 1941 na 1942 Leningrad iliyozingirwa ililetewa chakula kwa malori juu ya barafu ya ziwa Ladoga. Wiki ya mwisho ya Desemba tembeza kidole kwenye ramani, na kila mto unaouhesabu kama ukuta ufute kichwani. Wewe pia utumie. Kinamasi kilichoganda ni njia ambayo adui hakuweka mtu.

Hatua ya 7: Ukizungukwa

Divisheni zikikatwa na bohari, una zamu mbili za kuamua, na ya kwanza ndiyo bora. Zitoe. Unganisha shambulio la nje na la ndani upande mmoja, tumia maharage uliyoyaweka akiba, zitoke hata kama zitageuzwa.

Mtego mkubwa hapa ni ndege. Mchezo wetu unaruhusu ndege kudondosha maharage 2 kwa zamu, na hali ya hewa ikiwa mbaya, halidondoki hata moja. Mchezaji akizisaidia hivyo divisheni mbili mara ya kwanza anaamini atazisaidia nane mara ya pili. Ndivyo ilivyotokea kweli. Mwanzoni mwa 1942 Wajerumani wapatao 100,000 walizungukwa Demyansk wakalishwa kwa ndege hadi njia ilipofunguliwa. Novemba mwaka huo jeshi la sita lilipozungukwa Stalingrad, likaambiwa litulie, litaletewa tani 500 kwa siku. Zilizofika kwa wastani zilikuwa kama tani 100. Waliobaki walijisalimisha mpaka tarehe 2 Februari 1943.

Kabla hujaamua kubaki, zidisha: idadi ya vizibo, mara zamu unazotarajia kukaa. Linganisha na ndege zako. Hesabu hiyo inachukua nusu dakika.

Hatua ya 8: Kushambulia kwenye theluji

Inawezekana, na wakati mwingine ni lazima. Shambulia kwa malengo mafupi tu: kijiji kinachotoa makazi kwa divisheni mbili, njia panda, bohari ya adui. Usishambulie kupata ardhi tupu. Kila shambulio linakula haragwe la ziada na linamtoa askari kwenye makazi, kwa hiyo zamu hiyo anarushiwa dadu ya porini.

Tumia divisheni zilizotoka kupumzika, zenye kokoto sifuri au moja. Weka bohari tayari kabla ya kugusa kizibo. Ukishachukua kijiji, simama hapo zamu moja hata kama mbele pako wazi. Upande wa Urusi unakosea hapa mara nyingi kuliko wa Ujerumani: wanapata ushindi wa Desemba, wanasukuma hadi Februari, wanaipita reli yao, na ghafla wao ndio wenye njaa porini.

Ukicheza upande wa mlinzi, cheza kinyume cha haya yote. Mvute mshambuliaji mbali na bohari yake, choma vijiji unavyoviacha kama kanuni zako zinaruhusu, na weka divisheni mpya nyuma, zimeshiba, mpaka utakapoona maharage yake hayatoshi. Usishambulie kwa sababu theluji imeanza. Shambulia kwa sababu umehesabu.

Hatua ya 9: Matope ya Machi

Wengi wanavuka baridi salama, halafu wanaua jeshi Machi. Theluji ikiyeyuka barabara zinakuwa uji, na bohari yako inarudi kufika pembesita mbili tu. Divisheni iliyokaa pembesita ya tatu majira yote, ikilipa haragwe la njiani, sasa haipati kitu. Kwa hiyo wiki ya mwisho ya Februari, ardhi ikiwa bado ngumu, sogeza bohari mbele au vuta divisheni nyuma. Moja kati ya hayo mawili, na wiki hiyo hiyo.

Sisi huku tuna mfano wetu wa njia kufungwa na maji. Aprili 1916, Waingereza wakipigana na Wajerumani hapa kwetu katika vita vya kwanza vya dunia, Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, aliyekuwa upande wa Waingereza, aliondoka Arusha na wapanda farasi wake kwenda Kondoa Irangi, masika yakiwa mlangoni. Mji aliuteka mwezi huo huo. Nyuma yake mvua ikaifunga njia, farasi wakafa kwa mamia kwa maradhi na uchovu, na jeshi lililokuwa limefanikiwa likakaa Kondoa wiki nyingi, njaa na homa vikilitafuna, haliwezi kwenda mbele wala kuletewa mzigo. Tumeweka mapigano hayo kwenye manila yake, na kila tunapoyacheza, aliyeshika wapanda farasi anaomba masika yachelewe zamu moja tu.

Aprili rudisha zile divisheni kumi kutoka Minsk, mbili kwa kila zamu, kwa reli. Zipe kwanza vijiji vya mbele, na zile zilizovuka baridi zipeleke mjini zitolewe kokoto. Usipange shambulio kubwa kabla ya wiki ya pili ya Mei, barabara zinapokauka. Wakati huo fungua viberiti vyako vyote, mwaga maharage mezani, uyahesabu kwa sauti mbele ya wenzako, kisha andika namba hiyo pembeni ya ramani na tarehe yake. Mwakani, Septemba ya mchezo ikifika, utaanzia hapo.